Lokole na Ofika: Juu ya Masomo ya Ufundi Huku Yanonge

Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika Katiba yake juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza jambo moja ambalo seminari nyingi zinalisoma upesi na kulipita. Namba 129 yataka wafratri, wakiwa katika filozofia na teolojia, wafundishwe vilevile historia ya ufundi mtakatifu na namna ulivyokua, pamoja na kanuni zinazouongoza, kusudi wajue kuheshimu na kutunza kazi za zamani, tena waweze kuwapa mafundi mashauri yenye maana. Mtaguso haukuomba, uliagiza. Namba 119 yasema kwamba muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima yake, na namba 123 yakumbusha kwamba Eklezya haikuchagua mtindo mmoja tu kuwa mali yake.

Agizo hilo twalitimizaje? Mara nyingi fratri anapewa masaa machache kwa mwaka. Anaonyeshwa picha za makatakombe ya Roma, kisha makanisa ya mawe ya Ulaya, kisha Michelangelo juu ya dari ya Kapela ya Sisto, na hapo mwaka unakwisha. Hatudharau masomo hayo hata kidogo. Ni mali ya Eklezya yote, na Mwafrika aliye Mkristu ni mrizi wake sawasawa na Mwitalia. Lakini tazameni matokeo. Kijana aliyezaliwa kando ya mto wetu anajua kutofautisha tao la duara na tao la ncha, ambayo hajayaona kwa macho yake, lakini lokole ikilia kijijini kwao hajui inasema nini. Akiulizwa, anajibu: «Ni ngoma ya wazee.» Jibu hilo ni sawa na la mtu anayeonyeshwa kitabu naye akasema: «Ni karatasi.»

Basi tuchukue Yanonge kuwa mfano, kwa sababu pale mambo mawili makubwa ya ufundi yanakutana. Yanonge ni bandari ya mto Kongo, ngambo ya kushoto, unapotelemka toka Kisangani kuelekea Yangambi. Mtoni wanakaa Walokele, watu wa mitumbwi, wa samaki na wa biashara, ambao lokole yao ilijulikana dunia yote. Na toka Yanonge barabara inaingia msituni hata Opala, inchi ya Wambole, ambao sanamu zao zinatunzwa leo katika makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani. Abiria anayeshuka na gunia lake la chumvi hafikiri kwamba amesimama kati ya shule mbili za ufundi, moja ya sikio na moja ya jicho. Hatumlaumu abiria. Lakini katekista na padri?

Tuanze na sikio.

Juu ya lokole kuna kitabu kimoja ambacho yafaa kila seminari ya upande wetu iwe nacho, nacho hakikuandikwa na mkatoliki. Mwandishi wake ni John Carrington, misionari Mbatisti Mwingereza, aliyefika inchi hii katika 1938 akafanya kazi Yakusu, karibu na Kisangani. Alifariki katika 1992. Kitabu chake, Talking Drums of Africa, kilitoka katika 1949. Wengi kabla yake walikuwa wameandika kwamba ngoma za Kongo «zinasema», wengine wakadhani ni alama za siri, ao ni mapatano kama yale ya telegrafu. Carrington alijifunza lugha kwanza, akaketi na wapigaji, akaeleza jambo lilivyo. Lugha ya Walokele ina toni. Silabi inasemwa juu ao chini, na neno likibadili toni linabadili maana. Neno lisaka, likisemwa lote chini, ni kidimbwi cha maji. Silabi ya mwisho ikipanda ni ahadi. Na mbili za mwisho zikipanda ni sumu. Tena alipenda kutoa mfano mwingine wa kuchekesha: maneno mawili yenye herufi zilezile, alambaka boili, kwa toni fulani yanasema kwamba mtu aliangalia ukingo wa mto, na kwa toni nyingine kwamba alimpika mama mkwe wake. Mgeni asiyesikia toni na ajihadhari.

Lokole basi inachukua toni za maneno na kuacha herufi. Gogo la mti mgumu linachimbwa kwa ndani kupitia ufa mwembamba, upande mmoja zaidi kuliko wa pili, na hivi midomo miwili ya ufa inatoa sauti mbili: ya chini, inayoitwa ya kiume, na ya juu, inayoitwa ya kike. Lakini hapo panatokea shida ambayo wazee waliishinda kwa akili ya ajabu. Maneno mengi yana toni zilezile. Mwezi ni songe, kuku ni koko, na yote mawili yana toni mbili za juu. Msikilizaji wa mbali atajuaje? Wazee hawakusema mwezi peke yake ao kuku peke yake. Walimpa kila kitu sifa yake ndefu: mwezi kadiri unavyoitazama dunia kutoka juu, kuku kadiri ya sauti yake ndogo. Ile sentensi ndefu inafunga mlango kwa kosa. Hivi ujumbe mfupi unakuwa shairi, kwa lazima ya kazi, si kwa kujipamba. Na kila mtu mzima alikuwa na jina lake la lokole, lenye kutaja baba zake.

Tunasimama hapa kidogo, kwa sababu ni hapa mtu anaanza kuthamini ufundi. Anayesema «lokole yapendeza» bado hajasema kitu. Anayesema «lokole ilifika kilometa kumi usiku, maji yakiwa kimya» amesema kweli, lakini amesifu nguvu ya sauti tu. Uzuri wa lokole uko katika ndoa ya mahitaji na maneno: kwa sababu chombo ni maskini, chenye sauti mbili tu, usemi sharti uwe tajiri. Mwanafunzi aliyefahamu hilo amepata kanuni atakayoitumia mbele ya kazi yoyote ya ufundi, ya hapa ao ya Firenze: fundi alizuiwa na nini, naye alifanya nini na kizuizi chake?

Sasa lokole iko wapi? Watu wanasema telefone imeiua. Tunaona kwamba telefone ilikuta maiti. Carrington mwenyewe aliona vijana wa Walokele wakiacha kujifunza lokole, na wanafunzi wa shule wasiojua tena majina yao ya lokole, miaka mingi kabla ya antena ya kwanza kusimama. Shule ilimpa mtoto jina la daftari, na jina la lokole likabaki kwa babu, halafu likazikwa naye. Na sisi wa misioni tulisaidia, hata pale tulipodhani tunaitunza. Katika misioni nyingi lokole iliwekwa mlangoni pa kanisa kwa kuwaita watu kwenye Misa. Mwanzo aliipiga mzee aliyejua kusema nayo, na watu walisikia maneno. Alipokufa, akapewa kijana mwenye mikono yenye nguvu. Anapiga haraka, anapiga polepole, anapiga tena haraka, na watu wanakuja, kwa maana wanajua ni Jumapili. Lakini haisemi tena kitu. Tumemchukua msemaji tukamfanya bubu, kisha tunajisifu kwamba tumeingiza desturi za wazee katika liturujia.

Jambo la toni linagusa vilevile nyimbo zetu, na hapo haliwahusu wapigaji peke yao. Wamisionari wa kwanza, wakatoliki na waprotestanti, walichukua sauti za nyimbo za Ulaya wakatia maneno ya lugha zetu ndani yake. Sauti ya Ulaya inapanda inapotaka; haiulizi kama silabi inakubali kupanda. Sasa mrudie neno lisaka hapo juu. Mkitunga wimbo juu ya ahadi ya Mungu, na muziki ukapandisha silabi ya kati, mmeimba juu ya sumu ya Mungu. Watu wanasamehe, kwa sababu wanafahamu nia. Wanazoea, mwisho hawasikilizi tena maneno. (Kiswahili hiki tunachoandikia hakina toni za namna ile, na kwa hiyo ndugu zetu waliokua na Kiswahili peke yake mara nyingi wanadhani wazee wa mtoni wanatafuta makosa bure.) Wanaofundisha wimbo wa Gregori wanajua kwamba ulikua kwa kufuata mwendo wa maneno ya Kilatini. Tukifuata mfano wa Gregori sawasawa, tutaanza na mwendo wa maneno ya Kilokele, hatutaanza na sauti za Gregori.

Watu watatutajia Missa Luba. Ni haki. Padri Guido Haazen, Mfransisko, huko Kamina, aliwakusanya watoto na walimu katika jamii ya waimbaji iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, na katika 1958 walisafiri Ulaya, mwaka ule wa maonyesho makubwa ya Bruxelles. Misa yao ilirekodiwa ikazunguka dunia. Sehemu moja yake iliingia hata katika sinema ya Kiingereza, If...., katika 1968, ambayo haina habari ya Misa hata kidogo. Kazi ile ni nzuri, na uzuri wake watoka katika namna ilivyozaliwa: waimbaji walichukua nyimbo walizozijua za kwao, wakaitikiana na kutunga palepale, kabla haijawa karatasi. Lakini tuangalie jambo moja ambalo wanaoisifu hawalitaji. Maneno yake ni ya Kilatini, lugha isiyo na toni. Kwa hiyo shida ile kubwa, ya kuoanisha sauti na toni za lugha yetu, haikukutana nayo. Missa Luba ilithibitisha kwamba muziki wetu waweza kusali. Haikutufundisha namna ya kusali kwa muziki ule katika lugha zetu wenyewe. Kazi hiyo iliachwa kwa wengine, na Misale ya Roma kwa majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma katika 1988, iliifungulia mlango mpana, pamoja na mtangazaji wake, na ngoma kuzunguka altare. Mlango uko wazi. Wanaoingia na kinanda cha umeme kilichofungiwa mdundo wa rumba wangefaa kuulizwa kama walisikiliza kijiji chochote kabla ya kubonyeza.

Tupite sasa upande wa barabara, kwenye jicho.

Wambole walikuwa na chama cha Lilwa. Ndicho kilichowatia vijana katika utu uzima, ndicho kilichohukumu. Aliyevunja sheria zake kubwa, kama kuua ao kutoa siri za chama, aliweza kunyongwa kwa kamba. Na katika chama kile kulikuwa na sanamu za mti zinazoitwa ofika. Mtaalamu Daniel Biebuyck, aliyeandika juu yake katika 1976, anaeleza kwamba sanamu zile ni za watu walionyongwa, na zilionyeshwa kwa vijana wakati wa kuingizwa, kusudi waone mwisho wa mwenye kuvunja agizo.

Asiyejua habari hiyo anaona nini? Anaona mtu mwembamba wa mti, uso wake umechimbwa kwa mfano wa moyo na kupakwa rangi nyeupe ao ya manjano hafifu, macho ni mistari miwili. Anasema: uso wenye amani. Katika vitabu vizuri vya picha, sanamu imesimamishwa juu ya kijiti cha chuma, na taa inapigwa toka juu, nayo inaonekana kama mcheza ngoma anayetaka kuruka. Kumbe tazameni miguu. Magoti yamepinda kidogo, na nyayo zaelekea chini, hazikukanyaga kitu. Mabega yameanguka. Mikono imetelemka kandokando ya mwili bila kushika kitu. Mtu huyu hasimami, ananing'inia. Fundi hakuchonga kamba, hakuchonga mti wa kunyongea, hakuchonga ulimi uliotoka nje. Alichonga uzito tu: mwili uliokosa inchi ya kukanyaga. Kazi ya namna hiyo si ya mtu asiyejua kuchonga, kama walivyosema Wazungu wa kwanza. Ni ya mtu aliyejua nini cha kuacha.

Wageni walioziona sanamu hizi walikuwa makundi mawili, na yote mawili hayakutazama. La kwanza ni letu. Tulisema «fetishi», tukachoma moto ao tukawaambia wakristu wachome. La pili ni la wanunuzi na makumbusho. Walisema «uzuri mtupu», wakaweka kioo, wakaandika kabila na urefu kwa sentimeta. Wa kwanza aliogopa asichokifahamu, wa pili alikipenda asichokifahamu. Tofauti ni kwamba cha wa pili kinaweza kutazamwa tena.

Twende mbali zaidi, maana hapa ndipo jambo hili linapomgusa mhubiri. Juu ya altare zetu ananing'inia nani? Mzee wa Opala wa zamani zile, aliyeona ofika katika ujana wake, akiingia kanisani kwa mara ya kwanza, anaona sanamu ya mtu aliyetundikwa mtini. Kwa mafundisho aliyopewa anajua maana yake mara moja: huyu alivunja sheria, naye anaonyeshwa kusudi tuogope. Katekista anamwambia: «Huyu ndiye Mwokozi.» Kati ya macho ya mzee na maneno ya katekista kuna bonde kubwa, na kama katekista halijui bonde hilo, anahubiri ngambo nyingine. Mtakatifu Paulo alilijua, kwa maana Wayahudi nao walikuwa na sheria juu ya mtu aliyetundikwa mtini kwamba ni laana. Asomaye sura ya tatu ya barua kwa Wagalatia atamwona Mtume akilivuka bonde bila kulificha.

Wakristu wa kwanza nao walisikia aibu hiyo. Katika makatakombe mnamwona Mchungaji mwema, Yona na samaki, mkate, Msulubiwa hamumwoni. Picha moja ya zamani sana ya mtu msalabani iliyobaki Roma ni ya mzaha: imekwaruzwa ukutani, mtu mwenye kichwa cha punda ametundikwa, na mbele yake mkristu anayesali anachekwa. Ndipo baadaye, Roma, kama mwaka 420 ao 430, fundi mmoja asiyejulikana jina alichonga pembe ya ndovu vibao vinne vidogo ambavyo leo viko British Museum, London. Juu ya kibao kimoja alithubutu kumchonga Bwana msalabani. Ni mojawapo ya picha za kwanza kabisa za jambo hilo katika ufundi wa Kikristu. Na kando yake, juu ya kibao kilekile, alimchonga Yuda aliyejinyonga.

Tuyatazame yote mawili kama tulivyotazama ofika. Yuda ananing'inia katika mti uliopinda kwa uzito wake. Mikono yake imeanguka, miguu yaelekea chini, na chini ya miguu uko mfuko umefunguka na fedha zimemwagika. Mwana wa Mbole angemtambua bila kufundishwa: huyu ni ofika. Lakini Kristu? Yeye ametundikwa vilevile, lakini mwili wake hauna uzito. Mikono imenyoka kabisa, macho yamefunguka, kifua ni kipana. Haning'inii, ni kama ameusimamisha msalaba kwa nguvu zake. Miti miwili, watu wawili waliotundikwa, na tofauti yote imewekwa katika uzito wa mwili. Fundi wa Roma alitumia njia ileile ya fundi wa msitu wetu, tena aliitumia mara mbili kwa kupingana, kusudi jicho lipate fundisho kabla ya sikio.

Hilo ndilo tunalotaka kusema juu ya masomo ya ufundi. Mwanafunzi aliyeonyeshwa kibao cha London peke yake atajifunza tarehe na kusahau. Aliyeonyeshwa ofika peke yake atajivunia kabila na kubaki hapo. Anayewekewa zote mbili mezani kwa siku moja atauliza maswali ambayo mwalimu wake hakuyatayarisha. Pengine atauliza kwa nini misalaba iliyotujia kutoka Ulaya, ya plasta, yenye damu nyingi na kichwa kilichoanguka, inafanana zaidi na ofika kuliko na Kristu yule wa Roma. Na kama mzee wa Opala alikosea sana alipoisoma vile alivyoisoma. Swali hilo ni la teolojia, nalo limezaliwa katika somo la ufundi.

Tunasikia mapingamizi, na moja lina nguvu. Linasema: mnataka kupamba Lilwa. Lilwa iliua watu. Ni kweli, na yeyote anayefundisha somo hili bila kulitaja anadanganya. Ufundi mkubwa waweza kutumikia hukumu kali isiyojua msamaha. Na hapa tofauti na Injili ni kubwa, hatutaki kuipunguza. Lakini kuthamini si kubariki. Ulaya ilichora jehanamu juu ya kuta za makanisa yake ili watu waogope, nasi tunazisoma picha zile katika darasa bila kudhani kwamba mwalimu anawatakia wanafunzi moto. Pingamizi jingine, kwamba masaa hayatoshi, tunalipita. Masaa hayatoshi kwa somo lolote.

Kuna shida nyingine ambayo hatujaona imetajwa na wanaotuhimiza kurudi kwa mambo ya wazee. Ofika haikufanywa itazamwe na kila mtu. Ilikuwa na siku zake na watu wake. Makumbusho yanaionyesha kila siku kwa kila mwenye tiketi, na sisi tukionyesha picha yake darasani twafanya vilevile. Je, tumeitunza ao tumeifunua? Mtu mmoja wa upande wetu amefikiri sana juu ya jambo la jamaa hiyo, naye si padri wala profesa, ni mcheza ngoma: Faustin Linyekula, aliyezaliwa Ubundu katika 1974, kiongozi wa Studios Kabako huko Kisangani. Katika 2017, ndani ya Metropolitan Museum of Art ya New York, alitunga mchezo, Banataba, kutokana na sanamu ya Walengola iliyoko katika makumbusho yale. Hakutoa hotuba juu ya wizi, wala hakuisifu sanamu. Alileta mbele yake mwili unaocheza na mdomo unaosimulia, kama vile sanamu za huku zilivyozoea kutokea kati ya watu na si kati ya kuta. Tunaona kwamba alifahamu jambo ambalo vioo vinalificha: huku kwetu kuchonga, kuimba, kucheza na kusema havikuwa masomo manne. Mwaka wa mamlaka ya chama kimoja, wachezaji walipopangwa uwanjani kwa kumsifu mkubwa, ngoma ilibaki na miguu tu. Katika makumbusho sanamu imebaki na mti tu. Na lokole ya misioni, kama tulivyosema, imebaki na sauti tu.

Kwa likizo ijayo tungependa wafratri wa upande wa Yanonge na wa barabara ya Opala waanze kwa kazi ndogo. Kila mmoja atafute mzee, wa kwao ao wa jirani, anayejua bado jina la lokole la jamaa yao, aliandike kwa maneno, na juu ya kila silabi atie alama ya juu ao ya chini. Asiridhike na maana. Aombe kulisikia likipigwa, hata juu ya meza, hata juu ya ukingo wa mtumbwi. Majina hayo yakusanywe katika daftari moja ya seminari. Wale wa Opala, ambao hawatakuta ofika kijijini, waulize wazee jambo moja tu, kwa adabu, na wakikataliwa wanyamaze: nani aliruhusiwa kuitazama, na kabla ya kuitazama aliambiwa nini?